London hadi Nairobi: Historia ya Safari ya Kilomita 6,840

Mstari mfupi kabisa unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, una urefu wa takribani kilomita 6,840. Hukata Ufaransa na milima ya Alps, huteremka juu ya Italia, huvuka bahari ya Mediterania, hupita karibu na mpaka wa Libya na Misri, huingia Sudan na Sudan Kusini, kisha humalizikia kwenye nyanda za juu za Kenya. Ndege ya kisasa ya abiria inayokwenda moja kwa moja huumaliza umbali huo kwa saa 8 na nusu hadi 9. Miaka ya mwanzo ya 1930 safari hiyohiyo ilichukua takribani wiki nzima, na mwaka 1920 wapo walioianza wasiimalize. Kasi ya injini ni sehemu tu ya maelezo ya tofauti hiyo. Muda wa safari uliamuliwa pia na kiasi cha mafuta ambacho ndege iliweza kubeba, giza la usiku, mwinuko wa viwanja vya Afrika Mashariki, ruhusa ya serikali za njiani, na kazi ya watu waliosafisha ardhi ili ndege zipate pa kutua.

Kabla ya ndege, safari ilikuwa ya meli na reli. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli kutoka Uingereza hazikulazimika tena kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kufika pwani ya Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa mji wa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa Ziwa Victoria, Kisumu ya leo. Msafiri wa wakati huo alihesabu majuma: zaidi ya nusu mwezi baharini, kisha safari ya gari moshi kutoka Mombasa kwenda bara.

Wazo la kuunganisha njia hiyo kwa ndege lilipata nguvu mara tu Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Jeshi la anga la Uingereza lilituma vikosi vya wapimaji kutafuta viwanja kati ya Cairo na Cape Town, na kufikia mwisho wa mwaka 1919 mlolongo wa viwanja vya muda ulikuwa tayari. Ramani iliwaonyesha wapimaji mahali pa kutua, lakini mahali penyewe pakawa na msitu, mawe na vichuguu vya mchwa vigumu kama saruji. Vibarua wa Kiafrika ndio waliong'oa visiki, wakavunja vichuguu hivyo kwa majembe na sururu, wakabeba udongo na kusawazisha ardhi. Majina yao hayamo katika vitabu vya sifa za urubani, ingawa bila jasho lao hakuna ndege ambayo ingetua Kisumu au Tabora.

Mwaka 1920 ndege kadhaa ziliondoka Uingereza kuijaribu njia hiyo. Mojawapo, aina ya Vickers Vimy Commercial, iliendeshwa na Stanley Cockerell na Frank Broome, ikiwa imembeba mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell kwa niaba ya gazeti la The Times. Iliondoka Januari 24, ikavuka jangwa la Sudan na kufika Tanganyika, lakini Februari 27 ikaanguka ilipokuwa ikijaribu kuruka kutoka Tabora. Watu walinusurika, safari ikafia hapo.

Nyingine, aina ya Vickers Vimy iliyopewa jina la Silver Queen, iliendeshwa na Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini. Waliondoka Brooklands, karibu na London, Februari 4, 1920. Ndege ya kwanza iliharibika Korosko, kusini mwa Misri, wakati wa safari ya usiku. Injini zake zikafungwa kwenye ndege ya pili iliyopatikana Misri, nayo ikapita Kisumu na kuendelea kusini hadi Bulawayo, ambako ilishindwa kupanda hewani, ikaanguka. Marubani hao walimalizia kwa ndege ya tatu na kufika Cape Town Machi 20. Safari nzima ilichukua siku 45, lakini saa walizokuwa angani zilikuwa 109 na nusu tu, yaani siku nne na nusu hivi. Siku nyingine zote 40 zilikwenda kwenye matengenezo, kungoja na kutafuta ndege mbadala. Ndege ilikuwa tayari na kasi ya kutosha kuipita meli. Muda ulikuwa ukipotelea ardhini.

Ajali za Tabora na Bulawayo zilifundisha jambo jingine. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Katika hewa ya namna hiyo mabawa hubeba uzito mdogo, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, ingekuwa na tatizo hilo kwa kila ndege itakayofika, na wahandisi wangekuja kulirudia kwa miaka mingi.

Kampuni ya Imperial Airways iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha makampuni madogo ya Uingereza. Mwezi Novemba 1925 rubani Alan Cobham, pamoja na fundi mitambo Arthur Elliott na mpiga picha za filamu B. W. G. Emmott, aliondoka London kuikagua njia ya Cape Town kwa ajili ya kampuni hiyo. Kwenda kulimchukua miezi mitatu kwa sababu alisimama kuchunguza viwanja, hali ya hewa na upatikanaji wa mafuta. Kurudi, aliporuka kwa lengo la kufika tu, kulimchukua kama wiki mbili. Ilidhihirika kwamba njia inawezekana iwapo kila kituo kitakuwa na mafuta, fundi, mawasiliano na mahali pa kulala.

Nairobi nayo ilikuwa ikijiandaa. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na rubani Tom Campbell Black. Ndege zake ndogo zilibeba barua, wagonjwa na wasafiri kati ya miji ya Afrika Mashariki, zikawa kiungo muhimu pale njia kubwa ya kimataifa ilipofika ziwani. Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi leo una jina lake.

Huduma ya kila wiki kutoka London ilianza Februari 28, 1931, mwisho wake ukiwa Mwanza. Januari 20, 1932 barua zilianza kusafirishwa hadi Cape Town, na Aprili 27 mwaka huo abiria wakaruhusiwa njia nzima. Safari ya kufika Cape Town ilipangwa kuchukua siku 10 hadi 11, na aliyekuwa akienda Nairobi alikuwa na takribani wiki moja njiani.

Safari ya abiria huyo wa mwaka 1932 inaeleza vizuri jinsi muda ulivyotumika. Aliondoka uwanja wa Croydon kwa ndege hadi Paris. Kutoka Paris alipanda gari moshi hadi Brindisi, kusini mwa Italia, kwa sababu mvutano kati ya Uingereza na serikali ya Italia ulizuia ndege za Kiingereza kuitumia anga hiyo zitakavyo. Brindisi alipanda ndege ya kutua majini iliyomvusha Mediterania hadi Alexandria. Akachukua tena gari moshi mpaka Cairo, kisha ndege ya nchi kavu ikamfuatisha Mto Nile hadi Khartoum. Khartoum akahamia ndege nyingine ya majini aina ya Short Calcutta, iliyotua mtoni na ziwani hadi Kisumu. Hapo tena alibadilisha, akapanda ndege aina ya de Havilland Hercules kuelekea Nairobi. Kila jioni safari ilisimama, abiria wakalala hotelini au kwenye nyumba ya kampuni, maana kuruka usiku juu ya nchi isiyokuwa na taa za kuongozea kulikuwa hatari kubwa.

Ndege hizo zilikwenda kwa kasi ya kilomita 150 hivi kwa saa. Kama ingewezekana kuruka kwa kasi hiyo bila kusimama, kilomita 6,840 zingekwisha kwa saa 46 hivi, chini ya siku mbili. Sehemu iliyobaki ya wiki ilitumika kwenye vituo, gari moshi, usingizi na kubadilisha ndege.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1937. Imperial Airways ilileta ndege za majini aina ya Short Empire zenye injini nne, zilizosafiri kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Abiria sasa aliweza kupanda Southampton na kubaki katika ndege za aina hiyohiyo hadi Durban. Njia ilipitia Marseille, Roma, Brindisi, Athens, Alexandria, Cairo, Wadi Halfa, Khartoum na Malakal, ikaingia Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell na Kisumu kwenye Ziwa Victoria, kisha ikashuka pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira na Lourenço Marques. Ndege ya majini haikuhitaji kiwanja kirefu kilichosawazishwa, kwani bandari, ziwa na mto vilitosha. Wakazi wa Lindi na Mombasa waliiona ikitua katika maji yaleyale ya majahazi na ngalawa. Aliyekuwa na safari ya Nairobi alishuka Kisumu, akaunganisha kwa ndege ya Wilson Airways au kwa reli. Wiki moja ikawa siku tatu au nne.

Hata hivyo njia ilibaki dhaifu, kama ilivyoonekana Machi 14, 1939. Ndege iitwayo Corsair, ikitokea Durban kwenda Southampton, iliruka kutoka Port Bell ikielekea Juba. Rubani wake alikuwa Edward Alcock, ndugu wa John Alcock aliyevuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege mwaka 1919. Kifaa cha redio cha kutafutia mwelekeo kilikuwa na hitilafu, ukungu ukafunika ardhi, na ndege ikapotea njia kuelekea magharibi. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani aliona mto mwembamba chini yake. Ulikuwa Mto Dungu, karibu na Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji. Akatua. Ndege iligonga mwamba, tumbo lake likatoboka, ikakwama kwenye tope kando ya mto. Abiria wote walitoka salama.

Kuitoa Corsair mahali hapo kulichukua miezi kumi. Mafundi waliletwa kutoka Uingereza, na wenyeji wakaajiriwa kwa wingi kufungua barabara, kukata miti na kuhamisha udongo. Mwili wa ndege ulizibwa, lakini jaribio la kwanza la kuruka likashindwa pale ilipogonga mwamba kwa mara ya pili. Kiangazi kikapunguza kina cha maji. Ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yapande na kutanuka, ndege ipate urefu wa kukimbilia. Januari 6, 1940 rubani John Kelly-Rogers aliirusha kutoka kwenye mto huo. Kijiji kilichokua mahali pa kazi hiyo kikaitwa Corsairville.

Kufikia wakati huo dunia ilikuwa vitani tena. Italia ilipojiunga na Vita Kuu ya Pili Juni 1940, anga ya Mediterania ikafungwa kwa ndege za abiria za Uingereza. Imperial Airways ilikuwa imekwisha kuingizwa katika shirika jipya la serikali, BOAC. Ndege zake za majini zilihamishiwa kwenye njia iliyotoka Durban, ikapanda kupitia pwani ya Afrika Mashariki na Kisumu hadi Cairo, halafu ikapinda kuelekea Asia na Australia. Barua za Uingereza zilisafirishwa kwa meli kuizunguka Afrika hadi Durban, kisha zikapandishwa kaskazini kwa ndege. Umbali ulibaki uleule kwenye ramani, lakini njia ya moja kwa moja kati ya London na Nairobi haikuwepo tena kwa raia wa kawaida.

Vita viliacha viwanja virefu, rada, utabiri bora wa hali ya hewa na ndege zenye uwezo wa kuruka usiku. Mwaka 1946 uwanja wa Heathrow ulifunguliwa kwa abiria, na mwaka huohuo East African Airways ikaanza kazi kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa muda mfupi ndege za majini zilirudi: aina ya Solent zilitoka Southampton zikatua Ziwa Naivasha, abiria wakamalizia kwa barabara hadi Nairobi. Novemba 1950 BOAC iliachana nazo kabisa. Ndege za magurudumu zilizotua Eastleigh, Nairobi, zilikuwa na gharama ndogo na ratiba ya uhakika zaidi.

Muda wa kipindi hicho unaonekana katika safari iliyojulikana dunia nzima. Januari 31, 1952 Binti Mfalme Elizabeth aliondoka London kwa ndege ya BOAC aina ya Argonaut, yenye injini nne za pangaboi, akafika Eastleigh siku iliyofuata. Februari 6 baba yake, Mfalme George VI, alifariki. Elizabeth alikuwa bado Kenya, na uwanja wa karibu naye, wa Nanyuki, ulikuwa mdogo, hivyo Malkia mpya alichukuliwa kwa ndege aina ya Dakota ya East African Airways hadi Entebbe. Mvua ya radi ilimchelewesha, akaruka karibu na usiku wa manane, na kufika London jioni ya Februari 7. Ilikuwa safari ya saa 19 hadi 20 pamoja na kusimama Libya kuongeza mafuta. Siku tatu au nne za mwaka 1937 zilikuwa zimeshuka chini ya siku moja.

Miezi mitatu baadaye, Mei 2, 1952, ndege aina ya Comet ilianzisha huduma ya kwanza ya kawaida ya abiria kwa jeti duniani, kutoka London hadi Johannesburg kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilifika katika muda usiozidi saa 24, ikiwa imepita juu ya mawingu mengi yaliyowasumbua abiria wa zamani. Ndege hiyohiyo ilisambaratika hewani karibu na kisiwa cha Elba Januari 10, 1954. Nyingine ilipoanguka Aprili, Comet zote zikazuiwa kuruka. Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi yake ilikuwa ikichoka na kupasuka kwa kujazwa na kupunguzwa shinikizo la hewa kila safari. Muundo mpya, Comet 4, ulipokuja, East African Airways ilianza kuutumia mwaka 1960.

Jeti zilihitaji uwanja mkubwa kuliko Eastleigh. Huo ulijengwa Embakasi, Nairobi, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya vuguvugu la Mau Mau, na sehemu kubwa ya kazi ngumu ilifanywa na mahabusu wa vuguvugu hilo. Walivunja mawe, wakachimba na kusawazisha ardhi wakiwa chini ya ulinzi wa bunduki, wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Gavana Evelyn Baring aliufungua mwaka 1958. Historia ya safari ya haraka kati ya London na Nairobi haiwezi kuandikwa kwa haki pasipo kuwataja watu hao, kwa kuwa njia ya kurukia iliyofupisha safari za wengine ilitandazwa kwa kazi waliyolazimishwa kuifanya. Baada ya upanuzi, njia kuu ya uwanja huo ina urefu wa mita zaidi ya 4,100, na mwinuko wa Nairobi ni miongoni mwa sababu za urefu huo kuhitajika.

Tatizo la hewa nyepesi lilipata jibu jingine katika ndege yenyewe. Vickers VC10 ilibuniwa kwa ajili ya njia za BOAC za Afrika na Asia, penye joto, mwinuko na viwanja vifupi. Injini zake nne zilifungwa mkiani, bawa likaachwa safi ili libebe uzito zaidi kwa kasi ndogo. Ilianza kubeba abiria mwaka 1964. Mwaka 1966 East African Airways ilipokea Super VC10 yake ya kwanza, na hatimaye ikawa nazo tano, zikiandikishwa kwa zamu Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa na matangi makubwa ya mafuta, London na Nairobi sasa ziliweza kuunganishwa kwa kuruka usiku mmoja.

Vituo vya njiani viliendelea kuwepo kwa sababu za biashara, na kila kutua na kuruka kulibeba hatari yake. Aprili 18, 1972 Super VC10 ya East African Airways iliyotoka Nairobi kwenda London ilikuwa ikiruka kutoka Addis Ababa pale tairi la mbele lilipopasuka kwa kukanyaga kifaa cha chuma kilichodondoshwa na ndege nyingine. Rubani alijaribu kusimamisha ndege, lakini breki hazikutosha, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 kati ya 107 walikufa.

Mapema mwaka 1977 ushirika wa nchi tatu ulivunjika na East African Airways ikafa pamoja nao. Kenya Airways ilianza mwaka huohuo kwa ndege za kukodi aina ya Boeing 707, London ikiwa miongoni mwa safari zake muhimu. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa Embakasi mwaka 1978, na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Boeing 747, na baadaye ndege za injini mbili kama Boeing 787 ambayo Kenya Airways ilianza kuipokea mwaka 2014, zilipunguza gharama na matumizi ya mafuta. Muda wa kuruka haukupungua tena. Jeti za abiria za leo haziendi kasi kuliko VC10.

Hesabu ya sasa ni hii. Kilomita 6,840 kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa ni saa 7 na dakika 36. Kupanda, kushuka, kuzunguka kungojea nafasi Heathrow na kutembea uwanjani huongeza muda hadi saa 8 na nusu au 9. Kwa kuwa njia inaelekea zaidi kaskazini na kusini, pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi hazitofautishi sana muda wa kwenda na wa kurudi. Saa za Nairobi ziko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi ya Ulaya na saa 2 wakati wa kiangazi chake, kwa hiyo muda unaosomeka kwenye tiketi sharti urekebishwe kwanza.

Siasa ya anga nayo haijakoma. Baada ya vita vya Libya kupamba moto mwaka 2014, mashirika mengi yaliiepuka anga yake. Aprili 15, 2023 mapigano yalizuka Khartoum, na anga ya Sudan ikafungwa kwa ndege za abiria. Tangu hapo safari za London na Nairobi zimelazimika kuizunguka nchi hiyo, mara nyingi kwa upande wa Bahari ya Shamu, na hivyo kuruka mamia ya kilomita za ziada. Khartoum, ambako kila abiria wa mwaka 1932 alilazimika kutua, imekuwa mji ambao rubani hulazimika kuukwepa. Umbali mfupi kabisa utatumika tena kikamilifu pale nchi zilizo chini ya mstari huo zitakapokuwa na amani.